Umeitwa kusomea zuolojia? Usilie, ila beba penseli

MATOKEO ya KUCCPS yametoka. Umefungua simu mkono ukitetemeka, na kozi uliyopewa ni Zuolojia. Uliomba udaktari. Ukaweka uuguzi hapo chini kama akiba. Hii nyingine uliijaza tu ili nafasi isikae wazi, saa tatu usiku kwa saiba, jamaa akikuhimiza kwamba anataka kufunga.

Sasa ukoo mzima unataka kujua ni kozi gani hiyo. Mwaka nilioitwa mimi, shangazi yangu aliniuliza kama nitakuwa daktari wa ng'ombe. Nikasema la. Akauliza kama ni wale wa KWS wanaovaa kijani na kubeba bunduki. Nikasema la. Akanyamaza, akamimina chai, kisha akaniuliza polepole, kwa huruma ile ya matangani: "Sasa utakuwa ukihesabu ndovu?"

Sikuwa na jibu. Nilienda chuoni nikiwa na mpango mmoja tu, kubadilisha kozi kabla ya wiki ya tatu. Sikubadilisha. Na kwa kuwa kila mwaka kuna mtu anayekaa kitandani akitazama neno hilo kwenye simu kama aliyeandikiwa hukumu, wacha nikuambie kinachokungoja.

Kwanza, hutaona ndovu. Utaona mende.

Siku yetu ya kwanza ya maabara kila mmoja aliwekewa mende kwenye trei, akaambiwa achore mguu. Nilicheka moyoni. Mende ninamjua, nimeishi naye Umoja tangu nizaliwe. Nikachora vipande vitatu, nikaweka kivuli kidogo ili upendeze, nikapeleka. Mhadhiri hakusema kitu. Alinirudishia karatasi na kunielekeza kwenye hadubini.

Mguu wa mende una sehemu kuu tano, na ile ya mwisho yenyewe imegawanyika vipande vingine vitano. Nilikuwa nimechora mende wa kichwani mwangu, si yule aliyekuwa kwenye trei. Mchoro wa zuolojia hauwekwi kivuli. Mistari ni safi, penseli imechongwa vizuri, majina ya sehemu yamepangwa bila mistari yake kukatana, na unaandika umekikuza kitu mara ngapi. Hupewi alama kwa urembo. Unapewa kwa kuchora ulichokiona, hata kama hakifanani na picha ya kitabuni. Miaka mingi baadaye, hilo ndilo somo ambalo bado ninalitumia kila siku.

Lakini tusidanganyane. Hadubini hiyo tuliitumia watu watano. Chuo nilichosomea sitakitaja, ila kuna muhula mzima tulipasua tilapia wa sokoni kwa sababu pesa za sampuli hazikuwa zimetoka, na safari ya nyanjani iliahirishwa mara mbili kwa kukosa mafuta ya basi. Yule tilapia tulimsoma vizuri, kisha kuna waliotaka kumpika. Kama HELB imewahi kukuchelewea utawaelewa.

Kisha kuna hesabu. Hii ndiyo hushtua wengi. Watu hukimbilia biolojia wakikimbia hesabu, na hesabu inawangoja mlangoni.

Chukua mfano huu. Sema unataka kujua panya wangapi wanaishi hosteli kwenu. Huwezi kuwapigia kengele wapange foleni. Unatega mitego isiyoua, unanasa 50. Unawatia alama, labda unawanyoa manyoya kidogo mgongoni, kisha unawaachilia. Baada ya siku chache unatega tena. Safari hii unanasa 60, na kati yao 15 wana alama yako. Yaani robo ya hawa wa pili ni wale wale wa kwanza. Kwa hivyo wale 50 wa mwanzo ni kama robo ya panya wote, na panya wenu ni takriban 200. Lala salama.

Hapo mwanafunzi wa sekondari anaweka kalamu chini. Wewe ndio unaanza. Je, kati ya mara ya kwanza na ya pili, kuna panya waliohama au kufa? Je, alama zimefutika? Na yule panya aliyepata njugu bure ndani ya mtego, si atarudi makusudi? Akirudi, utanasa wenye alama wengi kupita kiasi, na jibu lako litakuwa dogo kuliko ukweli. Muhula mzima unaweza kuishia hapo, kwenye kujiuliza panya anakudanganya vipi.

Ukishaelewa panya, unaelewa hata habari za televisheni. Mwaka wa 2021 Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, na ripoti ikasema ndovu ni 36,280. Kwa hivyo shangazi hakukosea sana, kazi hiyo ipo. Ripoti hiyo hiyo iliweka punda milia wa Grevy, yule wa kaskazini mwenye milia myembamba, kuwa 2,649. Yeye hata hahitaji kutiwa alama. Milia yake ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana. Tangu 2016 kumekuwa na zoezi ambapo wananchi wa kawaida, wakiwemo wanafunzi, huzunguka na kamera wakipiga picha ubavu wa kila punda wanayemwona, kisha kompyuta inalinganisha milia. Ni ule ule mtego wa panya, ila mtego wenyewe ni kamera.

Hayo yote yalinivutia, lakini kilichonifanya nirarue ile fomu ya kubadilisha kozi ni kisa cha mnyama mbaya wa sura kuliko wote utakaowahi kumwona.

Anaitwa fuko uchi. Anaishi chini ya ardhi Kenya, Uhabeshi na Somalia. Hana manyoya ila vinywele vya hapa na pale, ngozi imekunjamana, macho ni kama nukta, na meno yametokeza nje ya midomo ili achimbe bila kula udongo. Ukipita Mtito Andei kwa basi au kwa SGR ukienda Mombasa, uko katika nchi yake. Vile vilima vidogo vya udongo uliorushwa juu kama volkano ya kuchezea vinaweza kuwa kazi yake.

Katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na mwanabiolojia Mmarekani, Richard Alexander wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyesumbuliwa na swali moja. Mchwa, siafu na nyuki wana malkia mmoja anayezaa, na wengine wote ni wafanyakazi wanaomlelea watoto. Kwa nini hakuna mnyama anayenyonyesha anayeishi hivyo? Badala ya kuishia hapo, akamuunda mnyama huyo kichwani. Alisema kama angekuwepo, angeishi chini ya ardhi. Angekula viazi vikubwa vya porini, kimoja kikitosha kulisha familia nzima. Udongo wake ungekuwa mgumu kama tofali, na adui wake mkuu angekuwa nyoka. Alikuwa akitoa mhadhara kuhusu mnyama huyu wa kubuni pale Arizona, mtu mmoja katika hadhira akamwambia: huyo yupo, ni fuko uchi wa Afrika Mashariki.

Na kulikuwa na mtu aliyekuwa akimchunguza tayari. Jennifer Jarvis alianza kuwasoma fuko hapa Kenya miaka ya 1960, akisomea shahada yake Nairobi, kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Cape Town. Aliwafuga, akawahesabu, akawatia alama, na kuna jambo halikuwa likiingia akilini. Kwenye kundi zima, jike aliyezaa alikuwa mmoja tu. Mwaka wa 1981 alichapisha matokeo yake katika jarida la Science. Mnyama wa kichwani mwa Alexander alikuwa ametafuna viazi chini ya Ukambani muda wote huo.

Hebu kaa na hiyo kidogo. Mtu ameketi ng'ambo ya bahari anakisia maisha ya kiumbe hajawahi kumwona, na anapatia, kwa sababu aliuliza swali vizuri. Na mwingine ana kiumbe chenyewe mkononi, na badala ya kupuuza tabia asiyoielewa anaendelea kuihesabu miaka na miaka.

Tangu hapo maajabu hayajaisha. Fuko uchi anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya mdogo wa nyumbani akifika mitatu amejitahidi. Saratani kwake ni nadra sana. Mwaka wa 2017 watafiti walionyesha kwamba anaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa kisha akaamka kama mtu aliyesinzia kwenye matatu. Mwili wake hubadili mtambo na kuanza kutumia sukari ya fruktosi, kama mimea inavyofanya. Ukifikiria wagonjwa wa kiharusi, ambao seli za ubongo hufa kwa kukosa hewa hiyo hiyo, unaelewa kwa nini maabara za Marekani na Ulaya zinamfuga.

Hapa ndipo mimi hukasirika kidogo. Wengi wa fuko walio katika maabara hizo ni vizazi vya waliochimbuliwa hapa Kenya. Mkulima wa Kibwezi anamjua kama mwizi wa viazi vitamu na mihogo. Kijana wa Nairobi anamjua kama meme. Wanaomjua hadi ndani ya seli wengi wao wako mbali, na wakitaka kujua anavyoishi porini hupanda ndege wakaja. Silaumu wao. Waliuliza. Sisi tulikuwa tukiuliza kama kozi hii ina soko.

Si kwamba hatujawahi kuwa na wetu. Thomas Odhiambo, aliyezaliwa 1931, alisomea Makerere kisha Cambridge, akarudi kufundisha Nairobi wakati Waafrika wenye shahada ya uzamifu katika sayansi ya wadudu walikuwa wa kuhesabiwa kwa vidole. Angeweza kuketi ofisini apokee mshahara. Badala yake alishikilia kwamba utafiti wa wadudu wa Afrika ufanywe Afrika, na Waafrika, kwa kiwango ambacho dunia haitaweza kukidharau. Mwaka wa 1970 akaanzisha icipe, ikianza kwa kubanana pale kampasi ya Chiromo kabla ya kupata makao yake Kasarani. Ukipanda matatu za Thika Road umepita karibu napo mara nyingi. Eneo lenyewe linaitwa Duduville, na hapana, hilo si jina la klabu.

Kutoka kituo hicho na washirika wake ndiko kulitoka mbinu ambayo pengine nyanyako anaitumia. Viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi na gugu la striga, lile Nyanza huitwa kayongo, humaliza shamba. Watafiti waligundua kwamba mmea wa desmodiamu ukipandwa katikati ya mahindi hufukuza nondo anayezaa viwavi hao, na mizizi yake hulizuia striga. Kisha nyasi za nepia zikipandwa pembeni, zinamvutia nondo huyo akatage huko. Huyu anasukumwa kutoka ndani, anavutwa kutoka nje, na ng'ombe wanakula nepia na desmodiamu. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Hiyo yote ilianza na mtu aliyeketi akitazama nondo anapenda kutaga wapi.

Kama bado unadhani haya ni mambo ya mashambani, nina habari za mjini. Mbu wetu wa malaria waliozoeleka hupenda vidimbwi vya mvua vyenye jua, ndiyo maana mtu wa Nairobi huamini malaria ni ya Kisumu na Pwani. Lakini kuna mbu mwingine, Anopheles stephensi, asili yake Asia Kusini na Rasi ya Uarabuni. Huyu ni mtoto wa mjini. Anazaana kwenye matangi, mapipa na ndoo, yale yale tunayoweka kila ploti kwa sababu maji ya mfereji huja Jumanne na Ijumaa. Afrika alionekana kwanza Djibouti mwaka wa 2012. Mapema 2023 KEMRI ilitangaza kwamba ameshapatikana Marsabit.

Jiulize walijuaje. Kwa macho ya kawaida ni mbu tu, unampiga kofi unaendelea na stori. Hata kwenye hadubini anaweza kudhaniwa ni mwingine. Ilibidi mtu akusanye viluwiluwi, awakuze, atazame mabawa na miguu, kisha apeleke vinasaba maabara vithibitishe. Mtu huyo, siku moja, alifundishwa kuchora mguu wa mende bila kuweka kivuli.

Sasa kazi. Najua ndilo swali lililokuleta, na nimelikwepa makusudi kwa sababu jibu lake si tamu.

Ukimaliza shahada ya kwanza hakuna bodi itakayokupa leseni kama daktari au wakili. Hakuna tangazo la gazeti litakaloandika "tunatafuta mwanazuolojia". Nafasi zipo KEMRI, kwa taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, makavazi ya taifa, taasisi ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Naivasha, idara za uvuvi za kaunti na mashirika ya uhifadhi. Lakini ni chache kuliko mahafali, na nyingi zinataka uzamili. Pesa nyingi za utafiti hutoka nje, kwa hivyo mradi ukiisha mkataba nao umeisha. Katika darasa letu mmoja anauza bima. Mwingine anachambua data za benki, na anasema panya wa hosteli walimfunza zaidi ya kozi yoyote ya mtandaoni. Wawili wako ng'ambo kwa uzamifu. Mmoja anafuga samaki Kirinyaga na ndiye tunayemkopa. Wengine wanasota, na mtu akikuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Kwa hivyo ukienda, usiende kama abiria. Jifunze takwimu kwa bidii kuliko wenzako, pamoja na ile programu ya R ambayo kila mtu huilia. Muombe mhadhiri mwenye mradi nyanjani akuchukue hata bila malipo likizo moja, ila si mbili, maana huko ni kutumiwa. Chagua kundi moja la viumbe, liwe la buibui au la popo, ulijue kiasi kwamba watu wakikutana na kimoja wanakutumia picha. Jumatano asubuhi Nature Kenya huandaa matembezi ya kutazama ndege yanayoanzia makavazi pale Museum Hill. Nenda hata kabla ya kujiunga na chuo. Na kama hujui pa kuanzia, tazama juu karibu na Nyayo Stadium. Wale kongoti wenye upara wanaochafua magari ya watu wamechagua miti ile na si mingine. Kwa nini?

Shangazi naye hakuwahi kuikubali kozi hii rasmi. Ila mvua za mwisho alinipigia saa nne usiku, sauti juu. Mtoto wa binamu yangu alikuwa na mdudu shingoni, mwekundu na mweusi, mwembamba, na nyumba nzima ilikuwa imejihami kwa ndala.

"Msimponde!" nikasema. "Shangazi, tafadhali msimponde."

Nikamwambia wampulize au wampandishe kwenye karatasi, kisha waoshe shingo kwa sabuni na maji. Ni Nairobi fly. Jina linasema nzi, lakini ni mbawakawa. Haumi wala hachomi. Sumu iko ndani ya mwili wake na hutoka ukimsaga, ndiyo inayoacha zile alama kama za kuungua. Tena hata hatengenezi yeye mwenyewe, hutengenezewa na bakteria wanaoishi ndani yake. Hufuata taa usiku, hasa msimu wa mvua.

Nikasikia hekaheka, karatasi, maji. Mtoto akaacha kulia. Shangazi akarudi kwenye simu.

"Na kama haumi watu, anakula nini?"

Nikamwambia anakula wadudu wadogo, hata wale wanaoharibu mimea shambani. Akanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya chai.

"Hapa kwetu wako wangapi?"

Nikamwambia awashe ile taa ya nyuma, mbali na mlango, aweke beseni la maji chini yake na sabuni kidogo, kisha anipigie asubuhi.